Pesa Kabla ya Hewa

Nilizaliwa Kwale, nikasoma hukohuko, nikavuka Likoni kwenda Mombasa kutafuta kazi kama vijana wengi wa rika langu. Nyumbani tulikuwa na redio moja, na Sauti ya Kenya ikisoma habari hakuna aliyethubutu kukohoa. Kazi niliyoipata haikuwa ya kusema redioni. Niliuza hewa: matangazo ya biashara, udhamini wa vipindi, risala za rambirambi. Nimekwisha kustaafu, na majuzi tumemzika Mzee aliyenifundisha kazi hiyo.

Mzee alilelewa na redio ya serikali, zama za kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi kwanza, akajaza majina ya jamaa zake, ndipo salamu zikasomwa. Kanuni hiyo aliingia nayo kwenye kituo chetu cha FM: pesa kabla ya hewa. Fundi wa madirisha Changamwe, mwenye gereji Bondeni, mama wa leso Marikiti, kila mmoja alilipia wiki yake akapewa risiti. Jioni Mzee alikaa na daftari, akakagua kama kila tangazo limerushwa saa iliyoahidiwa. Lililorukwa lilirushwa mara mbili kesho yake, bila mteja kulalamika.

Kisha ukaja uongozi mpya. Mkurugenzi alisema tunauza kama duka la mtaani, akataka mawakala wa matangazo wa Nairobi, kampuni za kamari na matangazo ya serikali. Hao hawalipi mbele. Wakala huleta oda, redio hurusha, ankara hupelekwa, halafu husubiriwa siku 90 na zaidi, kwa kuwa wakala naye anamngoja mteja wake. Mzee alimuuliza mkutanoni: asipolipa huyu, umeme tutalipa na nini? Akaondolewa kwa wateja wote, akaachiwa risala za vifo peke yake. Nilikuwa upande wake siku ile na sijahama.

Mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kubwa za kamari, na fungu nono la matangazo likakatika. Uongozi ukajibu kwa kuongeza mikopo kwa mawakala.

Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa nchini. Siku ileile Ligi Kuu ya Uingereza ilisimamishwa, na kipindi chetu cha michezo kikakosa mdhamini. Ndege za kimataifa zikazuiwa, hoteli za Diani na Nyali zikafunga. Tarehe 8 Aprili ikapigwa marufuku kuingia au kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Mwishoni mwa mwezi huo ikaandama Ramadhani, msimu ambao redio za Pwani huungoja kama mkulima anavyongoja masika. Matangazo ya tende na nguo za Idi hayakuja. Misikiti imefungwa, harusi hakuna, na Mei Mji wa Kale nao ukafungwa.

Uchungu wangu uko hapa: wasikilizaji walikuwa wengi kuliko wakati wowote. Amri ya kutotoka nje iliwaingiza watu majumbani saa moja usiku, na simu ya studio haikunyamaza. Mtambo ulikula umeme uleule, ada ya masafa na kodi ya mnara hazikupungua. Mawakala waliandika barua za kuomba subira. Mishahara yetu ikakatwa nusu, watangazaji wa usiku wakaachishwa, kompyuta ikabaki kucheza muziki. Nairobi nako, katika vyombo vikubwa, watu walikatwa mishahara na kufutwa kazi.

Malipo ya papo kwa papo yaliingia kwenye dawati la Mzee, la risala za vifo. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu na jamaa walizuiwa njiani, basi familia zililipa kwa M-Pesa ili majina yao yasomwe hewani. Mzee aliagizwa apandishe bei. Alikataa, akasema waziwazi kwamba hatamtoza mfiwa madeni ya mawakala.

Enyi vijana wa mauzo, mwenye duka Kongowea si mteja mdogo. Mfuateni dukani kwake, mjueni kwa jina, na kabla ya kupokea oda mpya ya wakala ulizeni ankara yake ya zamani.

Mkurugenzi yule bado anasema ni Korona iliyotuangusha. Korona ilifunga hoteli na viwanja. Lakini matangazo tuliyorusha 2018, nani alizuia malipo yake? Nilipostaafu, baadhi ya ankara hizo zilikuwa hazijalipwa.