Pantoni Mbili, Watoto Watano

Mjomba ametuma sauti kwenye kundi la familia, dakika mbili na ushee. Asubuhi yake nilikuwa nimeweka picha: mimi na wanangu watano kwenye kivuko cha Suomenlinna, wakubwa wawili wamepiga magoti juu ya benchi wanatazama maji, mapacha watatu wamejipanga kwenye kigari chao, kofia zimewashuka mpaka kwenye nyusi. Mimi niliiona picha ya raha. Mjomba kaona msiba. "Pole sana mama," anasema. "Watoto watano, mikono miwili, na hakuna hata mmoja wa kukupokea. Huko mnalea kama mmefukuzwa kwenu. Huku mtoto ni wa wote."

Nimeisikiliza mara tatu. Ya tatu nilikuwa jikoni naosha chupa, na ndipo nilipojua kwamba moyo umenichafuka. Si kwa ile pole. Mjomba ndiye aliyenilipia ada ya sekondari. Pole yake naipokea. Ni lile neno la mwisho. Nalisikia kila nikipiga simu nyumbani, na hata sisi wenyewe tukikutana hapa Helsinki kwa pilau la Idi hulirudia mpaka machozi yakatulenga. Mtoto ni wa wote. Haya, siku ya kutoka matembezi je? Siku hiyo ni wa nani?

Nianze na siku ya picha. Ilikuwa Julai, mume wangu yuko kazini, nami nikasema leo hatukai ndani. Kuwatayarisha tu ni kazi ya saa nzima: nepi, uji kwenye chupa ya chai, nguo za akiba, maji, ndizi, kwa sababu mapacha wetu wana miezi kumi na minne na kila mmoja ana saa yake ya njaa. Na hiyo ni kiangazi. Januari, baridi ikishuka chini ya sifuri kwa nyuzi kumi na tano, kila mtoto ana nguo za tabaka tatu, na ukimaliza kumvalisha wa tano, wa kwanza ameshachafua nepi. Unavua, unaanza upya. Nimewahi kukaa chini pale mlangoni nikalia, na binti yangu wa miaka sita akanifuta kwa glovu yake.

Lakini mlango ukishafunguka, mji unakupokea. Kigari chetu ni kirefu kama mtumbwi, viti vitatu vimefuatana, tulikinunua mtumba kwa familia nyingine yenye mapacha watatu. Kinaingia kwenye lifti ya jengo, kinatoka, kinashuka kwenye njia ya waenda kwa miguu ambayo kila pembe ya barabara imelazwa ili gurudumu lisigonge. Tramu ikasimama, sakafu ikawa karibu sawa na kituo, nikasukuma, tukaingia. Hakuna aliyeninyanyulia kitu kwa sababu hakukuwa na cha kunyanyua. Na nauli sikulipa. Mji wote huu, anayesafiri na mtoto wa chini ya miaka saba aliye kwenye kigari hatozwi: basi, tramu, metro, treni, mpaka kivuko. Kwa hiyo huna haja ya kumwacha mtoto katikati ya basi ukahangaike na nauli. Nilipoelezwa mara ya kwanza, nikiwa na mimba ya binti yangu, nilidhani nimesikia vibaya. Nilirudi nikauliza tena.

Zipo siku mbaya. Nafasi za vigari kwenye basi ni chache, na zikijaa unabaki kituoni unangoja lijalo, theluji inakupiga usoni. Mwenye kiti cha magurudumu ndiye wa kwanza, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Suomenlinna ni ngome ya visiwani. Waswidi walianza kuijenga mwaka 1748, wakati Ufini iko chini yao, na UNESCO iliitia kwenye urithi wa dunia mwaka 1991. Kutoka sokoni pale bandarini ni mwendo wa kama robo saa. Njia zake nyingi ni za mawe yaliyopangwa, na mawe hayo ni adui wa kigari. Kinatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Basi mapacha wakagundua kwamba wakitoa sauti huku kigari kinatetemeka, sauti nayo inatetemeka. Wakaanza mmoja mmoja, halafu wote watatu, "aaaa", kisiwa kizima kinawasikia, na wazee waliokaa nje ya mkahawa wakageuka wakitabasamu. Kaka yao akataka kuingia kwenye mahandaki ya ngome, dada yao akapanda juu ya mzinga wa zamani akakataa kushuka. Sijui kama kuna raha duniani inayoishinda hiyo.

Sasa Mjomba, sikiliza hapa. Wa miaka minne alibanwa na mkojo. Choo kipo, lakini mtumbwi wangu hauingii. Nikageuka, nikamwona mama mmoja wa makamo anakula aiskrimu, nikamwomba kwa Kifini changu cha kuokoteza. Akatupa ile aiskrimu kwenye pipa, na ilikuwa haijafika nusu. Akashika mpini wa kigari kwa mikono yake yote miwili. Niliporudi, alikuwa amesimama vilevile, wima kama askari wa zamu, hajamgusa mtoto hata mmoja, hajawachekea wala kuwatekenya, macho yake hayajatoka kwao. Akaniambia, "Wote watatu wapo." Akaenda zake.

Zamani ningesema ni ubaridi. Leo nasema ni heshima yao, na siku ile iliniingia moyoni kuliko maneno mengi matamu niliyowahi kupewa.

Tena kuna mambo ambayo watu hawa wameyafanya kwa pamoja bila kuyaita kwa jina letu. Nilipojifungua mapacha tulipewa maboksi sita. Kila mtoto anayezaliwa hapa huandaliwa boksi la serikali lenye nguo, shuka na godoro dogo chini yake. Lilianza mwaka 1938 kwa kina mama wasio na uwezo, na tangu 1949 ni kwa kila mama aliyewahi kliniki mapema. Mapacha wawili hupata matatu. Watatu hupata sita, kwa kuwa wa pili huhesabiwa mara mbili na wa tatu mara tatu. Fikiria aliyekaa ofisini akapiga hesabu ile: aliona kwamba mzigo wa mtoto wa tatu si sawa na wa kwanza, akauandika ukawa utaratibu. Mume wangu aliyabeba akihesabu kwa Kisukuma. Moja tulilituma kwa wifi yangu, na mwanawe akalilalia miezi minne pale Tandika.

Na kiangazi, siku za kazi, viwanja vya michezo vya mji vinagawa chakula cha mchana kwa watoto wote walio chini ya miaka kumi na sita. Bure. Mtoto anakuja na bakuli lake na kijiko chake, anapanga foleni. Wameanza mwaka 1942, katikati ya vita, na bado sufuria liko jikoni. Wangu wawili husimama pale na bakuli za plastiki pamoja na mtoto wa daktari na mtoto wa mkimbizi kutoka Kongo anayewasemesha Kiswahili cha Bukavu, na wote wanapewa mchuzi uleule. Kama hapo mtoto si wa wote, basi neno hilo silielewi.

Desemba iliyopita tulirudi nyumbani, Dar, kwa wiki tatu. Mapacha walikuwa na miezi saba. Mapokezi siwezi kuyasimulia yakaisha. Bibi aliwapaka wanja kwenye paji la uso kabla hata hatujavua viatu. Baba mkwe alisafiri kutoka Shinyanga na swali moja tu: Kulwa yupi, Doto yupi, na huyu wa tatu aitweje? Mwenyewe akasema Shija, baba yangu mdogo akapinga kwamba Shija hufuata mapacha kwa mimba yake mwenyewe, na wakabishana mpaka chai ikapoa. Lile bishano halijaisha hadi leo. Ndani ya nyumba ile, kwa siku nne, nadhani sikumbeba mtoto wangu zaidi ya kumnyonyesha. Nilipata usingizi ambao sikuupata tangu wazaliwe.

Siku ya tano nikasema, twende Kigamboni ufukweni.

Kigari tulikuwa nacho, kimesafiri ndege mbili. Kilitoka getini hatua zisizofika ishirini, gurudumu la mbele likazama kwenye mtaro usio na mfuniko, na mhimili ukapinda. Fundi wa baiskeli aliunyoosha kwa nyundo na hakutaka pesa. Tukakirudisha ndani, kikalala nyuma ya mlango wiki mbili kama mgonjwa. Basi ikawa kanga. Mama mmoja, mdogo wangu mmoja, mimi mmoja, na binti wa jirani kuwashika wakubwa mikono. Bajaji mbili mpaka barabarani, kisha daladala, kisha Kivukoni.

Nakiri: pale kwenye daladala nililia kwa furaha. Nilipoingia nimesimama, mtoto mgongoni, yule kaka aliyekaa dirishani hakusema kitu. Alinyoosha mikono tu. Akampakata. Kituo kilichofuata akaingia mama na furushi lake, naye furushi likapakatwa na mwingine. Konda akaona mapacha, akatangaza gari zima, na mzee mmoja nyuma akaomba dua. Kwenye pantoni ndiyo kabisa. Mtoto wangu wa tatu alipita mikono ya watu ambao hata leo siwajui, akazunguka upande ule wa baiskeli na matenga ya samaki, na kabla hatujafika ng'ambo akarudishwa kwangu midomo ikiwa myekundu. Ubuyu. Miezi saba! Nilishtuka, nikampangusa, nikamwangalia macho. Alikuwa anacheka.

Joto lile Helsinki haliko. Nitamwambia Mjomba hivyo, bila kuficha.

Lakini jioni, miguu iko ndani ya beseni, nikamsikia mdogo wangu uani akiongea na mteja kwenye simu. Alikuwa amefunga genge siku nzima ili mimi nitoke. Nyanya zake zilikuwa zimelainika. Binti wa jirani alikuwa ameacha kufua kwao, na alipofika alisemwa. Mama yangu, mwenye presha, alimbeba mjukuu wa kilo nane kwa saa sita kwenye jua la Desemba. Watoto watano walitoka kwa sababu wanawake watatu walisimamisha maisha yao, na kwa wiki mbili zilizobaki sikuwa na uso wa kuwaomba tena. Tulikaa ndani. Wageni wakaja kututazama.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama Watatu wa mtaa wa pili, nilipokuwa darasa la nne. Alijifungua mapacha watatu, na mtaa mzima ulikwenda na sukari na sabuni. Tulikwenda, tulisifu, tuliwabeba. Yeye mwenyewe tulimwona nje siku za kliniki tu, amefuatana na wadogo zake, kila mmoja na mtoto wake. Sikumbuki kumwona sokoni. Sikumbuki kumwona harusini. Watoto walikuwa wa wote, na mama yao alikaa ndani mwaka mzima.

Na mama yangu je? Tulizaliwa wanne, tumefuatana kama ngazi. Kutoka kwetu Temeke mpaka viwanja vya Sabasaba hata si safari, lakini kila mwaka alikwenda na mtoto mmoja tu, kwa zamu. Anayekwenda anavalishwa nguo ya Idi. Wanaobaki wanaletewa bisi. Zamu yangu ilifika nikiwa na miaka tisa, na nilimwona mama yangu siku ile akicheka kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akicheka nyumbani. Nilidhani anafurahia maonyesho. Sasa nina watoto watano, na najua alikuwa anafurahia kuwa nje.

Sitaki kuambiwa kwamba nasifia Ulaya. Njia za miguu si za Wafini. Pale Dar mwendokasi ilipoanza mwaka 2016, vituo vyake vilijengwa sakafu ikiwa usawa wa basi, mwenye mtoto akaingia bila kupanda ngazi hata moja. Maana yake tunajua, na tunaweza. Mfuniko wa mtaro ni zege na nondo. Mapakato yetu nayataka yabaki, nayapenda kufa, lakini genge la mdogo wangu nalo nalitaka libaki wazi.

Mjomba sijamjibu bado. Nimempigia mama kwanza, kwa sababu Juni ijayo anakuja. Nikamweleza kwamba tutakwenda tena kule kisiwani, yeye ndiye atakayesukuma kigari, na anayesukuma hatozwi nauli. Akanyamaza kidogo. Nikadhani mtandao umekata.

"Wakubwa nao tunakwenda nao?" akauliza.

"Wote, mama."

"Wote watano? Siku moja?"