Kadi Iliyofungwa Sandukuni

Mama yangu hakupelekwa shule. Kadi ya kliniki ya ndugu yangu mdogo aliifunga sandukuni pamoja na hati ya shamba, akaitunza sana. Lakini tarehe zilizoandikwa ndani yake hakuweza kuzisoma. Baba alijua kusoma, wala hakuifungua. Mtoto akapitwa na sindano ya surua ya miezi 9. Surua ikaja, ikampofusha jicho moja.

Leo, hapa Endebess, mke wangu aliyesoma hadi darasa la 8 huhesabu mwenyewe majuma 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18. Hangoji kukumbushwa.

Basi, ndugu zangu, mkiuza mahindi mlipe karo, msimsahau binti. Nawe baba ujuaye kusoma, ifungue kadi.