Miaka 15 Ndani ya Neno “and”

Wanafunzi wangu hulalamika kwamba ninawachosha na viunganishi ilhali wao wanataka tujadili katiba. Siku hizi ninawajibu kwa kesi ya Pulsifer dhidi ya Marekani.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iliwapa majaji nafasi ya kushuka chini ya kiwango cha lazima cha kifungo katika baadhi ya makosa ya dawa za kulevya. Sharti mojawapo ni kwamba mshtakiwa asiwe na zaidi ya alama 4 za rekodi ya uhalifu, kosa la zamani la alama 3, “and” kosa la zamani la ukatili la alama 2. Mark Pulsifer, aliyekabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 15, hakuwa na hilo la tatu. Akadai kwamba anayezuiwa ni mwenye yote matatu kwa pamoja. Serikali ikadai kwamba hata moja linatosha. Machi 2024 Mahakama ya Juu iliipa Serikali ushindi, majaji 6 kwa 3.

Mimi ninasimama na wale watatu. Sarufi inaruhusu tafsiri zote mbili. Basi utata katika sheria ya adhabu na umwelemee aliyeshika fimbo, si anayechapwa.

Lakini linalonikosesha usingizi liko hapa kwetu. Mwandishi makini wa Kiswahili angelazimika kuchagua: ama aseme hana hiki, hiki wala kile, ama aseme hana vyote vitatu kwa pamoja. “Wala” yetu ina ukali ambao “and” hauna. (Tunaidharau mno lugha hii.) Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria Tanzania, swali hili si la darasani tena. Mfasiri anayebandika “na” kila aonapo “and” anahamisha utata wa Kiingereza pamoja na samani zake. Anayeandika “wala” anaamua, peke yake mezani, jambo lililowagawa majaji tisa wa Washington. Nani alimchagua?

Kwa watumishi wa umma mnaosoma hapa na kushiriki kazi hiyo: kila kiunganishi chenye njia mbili kiwekeeni alama, kisha kipelekeni bungeni kabla tafsiri haijachapishwa. Wabunge wajadili “na” na “wala” hadharani, na majibu yao yaingie kwenye kumbukumbu rasmi.