Siagi ya Dresden

Tulipokuwa masomoni Leipzig, sisi wachungaji wawili tulialikwa na binti wa sharika za nyumbani aliyekuwa akijifunza kuoka keki huko Ujerumani. Jumamosi moja ya Majilio tukapanda naye treni kwenda Dresden kula stollen, ule mkate mzito wa zabibu kavu uliofunikwa sukari laini.

Binti akatueleza kwamba zamani Majilio yalikuwa ya kufunga, na siagi ilikatazwa; watu wakaoka kwa mafuta. Mwaka 1491 Papa Innocent VIII akaruhusu siagi, nayo ruhusa ikalipiwa. Hapo tukadakia, maana mwaka 1520 Luther aliyakemea malipo hayo. Tukacheka, midomo imejaa sukari.

“Baba Mchungaji,” akauliza kwa adabu, “na bibi yangu, aliyenyimwa ibada ya mazishi kwa sababu kadi yake ya ahadi haikuwa na kitu?”

Mwenzetu akasema sadaka si bei. Ni kweli, lakini bibi alizikwa bila kengele.

Siku hizi katika sharika zetu kadi haiulizwi msibani. Wazee wa kanisa wananung’unikia mapato, nasi hatuwalaumu; paa bado linavuja.