Ua Zuri Lililofunga Njia ya Maji

Mpofi ni kijiji cha mpakani. Nyuma yake vimeinuka vilima vya Masisi, vyenye malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharagwe; mbele yake huanza msitu mkubwa wa Walikale. Mvua inyeshayo pande hizo huteremka kwa vijito hadi mto Lowa, na Lowa huingia katika Lualaba, ambao huko mbele huitwa Mto Kongo. Maji yanayopita mlangoni petu leo yatapita Kisangani na Mbandaka siku zijazo. Basi, wasomaji wapenzi, habari tunayotaka kuwasimulia, ijapokuwa inatoka mbali kwenye Ziwa Victoria, si habari ya watu wengine tu.

Uko mmea uitwao gugu maji. Huelea juu ya maji, majani yake yang'aa, na maua yake ni ya rangi ya zambarau, mazuri sana kutazama. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu waliuchukua kutoka huko kwa ajili ya uzuri wake, wakaupanda katika vidimbwi vya bustani zao, nao ukatoroka. Penye joto na maji yenye mbolea, gugu hili huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa majuma mawili tu, na mbegu zake hukaa hai katika tope kwa zaidi ya miaka 15. Nchini kwetu lilionekana katika Mto Kongo mwaka 1952, na baada ya miaka michache lilikuwa limeenea mbali. Serikali ya Wabelgiji ilinyunyiza dawa kwa gharama kubwa, lakini gugu halikwisha. Watu wa mtoni wakalipa jina la Kilingala, kongo ya sika, maana yake Kongo mpya.

Katika Ziwa Victoria liliingia mwishoni mwa miaka ya 1980. Mto Kagera, utokao milima ya Rwanda na Burundi, ulizidi kulileta. Kufika mwaka 1998 ghuba ya Kisumu, nchini Kenya, ilikuwa imefunikwa kama uwanja wa majani. Meli zilinaswa bandarini, wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi, samaki wakakosa hewa, na chini ya majani wakazaana mbu na konokono waletao kichocho. Wataalamu wakaleta fukusi wadogo, adui wa gugu hilo tangu kwao Amerika; Uganda ikawaachilia mwaka 1995, na Kenya mwaka 1997. Fukusi walikula, mawimbi na mvua kubwa za miaka hiyo zikasaidia, na gugu likapungua sana. Halikufa, hata hivyo. Kila mvua zinapozidi, hurudi.

Sasa tuende Dunga. Ni ufuko wa wavuvi ulio karibu na mji wa Kisumu, na pembeni yake pana kinamasi cha mafunjo. Ndani ya mafunjo hayo anaishi ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, asiyeweza kukaa mahali pasipo na mafunjo. Wageni husafiri kutoka nchi za mbali kuja kumtazama. Vijana wa Dunga waliliona jambo hilo, wakaungana. Wakajenga njia ya mbao ipitayo juu ya kinamasi, wakajifunza majina ya ndege, wakawachukua wageni kwa mashua kutazama viboko. Gugu maji nalo halikuachwa bure: mashina yake yaliyokaushwa husukwa vikapu na viti, tena pale Dunga limejaribiwa kutoa gesi ya kupikia.

Mabamba, nchini Uganda, si mbali na Entebbe, mambo yalikwenda vivyo hivyo. Ni kinamasi cha hekta zipatazo 2,400, ambacho tangu mwaka 2006 kimo katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya maeneo ya maji yanayolindwa kwa mapatano ya mataifa. Hapo huishi ndege mkubwa wa kijivu, mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye huvua kambale mamba. Zamani wavuvi walimwogopa, wakisema kwamba anayekutana naye hatapata samaki siku hiyo, na wengine walimwua. Leo wavuvi wale wale, au watoto wao, huwapeleka wageni kwa mitumbwi kumtafuta kwa upole. Wenye makampuni ya safari huleta mgeni. Mwenye mtumbwi humwonyesha ndege. Fedha hufika nyumbani. Ndiyo maana ya ule msemo wa wazee, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapa ndipo penye fundisho. Mwenye mtumbwi hahitaji kuhubiriwa ubaya wa gugu. Likifunga njia, mgeni hapiti, na jioni mezani hakuna kitu. Kwa hiyo huling'oa, leo kidogo na kesho kidogo, kabla halijawa kubwa. Lakini fedha za safari zikibaki zote mjini, katika ofisi za wenye magari na mahoteli, nani ataingia topeni kung'oa? Mfanyabiashara wa safari anayetaka kinamasi kiishi ampe mwenyeji sehemu yake ya haki, tena asimfanye mbeba mizigo tu, bali mwenzake katika kazi.

Hata hivyo tusijidanganye. Mikono ya vijana haiwezi kulifagia ziwa zima. Upepo mmoja wa usiku huleta kisiwa kizima cha magugu, na kazi ya mwezi ikapotea. Tena gugu hulishwa na uchafu wa mji na udongo mwekundu uletwao na mito kama Nyando kutoka mashamba ya juu. Anayelima kilimani bila matuta humlisha adui wa mvuvi asiyemjua.

Na sisi wa Mpofi? Tangu mwaka 1993 vita vimeitesa Masisi na Walikale, na si wakati wa kungojea wageni wenye darubini. Lakini sisi tuko juu, na maji yetu huenda chini. Huko Mbandaka pana nchi ya maji ya Ngiri, Tumba na Mai-Ndombe, iliyoandikwa katika orodha ile ya Ramsar mwaka 2008, kubwa wakati huo kuliko zote duniani. Udongo wetu hufika katika mto ule ule. Tulime kwa matuta, tuache miti na majani kando ya vijito, na mtoto akileta nyumbani ua zuri la kuelea ili alitie kidimbwini, tumwambie jina lake na tulikaushe juani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku amani itakapofungua barabara, mgeni atakuta maji ya kumwonyesha, nasi tutakuwa wenye mtumbwi.