Hesabu ya Moyo Wako, Akiru

Kwako Akiru, binti ya kaka yangu,

Nyanya yako huku Lodwar anakula vizuri na bado anauliza kama yule mbuzi wake wa pembe moja yuko hai. Mjibu, hata kama jibu ni chungu.

Baba yako ameniambia unakimbia siku hizi, na kwamba umepewa nambari: 220 utoe miaka yako 19, ubaki na 201. Hesabu ni sawa, ila ni kadirio la kikomo cha mapigo ya moyo kwa dakika kwa rika lako. Chako chaweza kupungua au kuzidi kwa mapigo kumi na zaidi, na kikomo hakikimbizwi kila siku.

Tangu nikiwa muuguzi kijana nimepima wagonjwa wa umri mmoja, kitanda kwa kitanda, na mioyo yao haikufanana. Ndiyo maana naipenda njia ya Karvonen wa Ufini, ya mwaka 1957. Huanza na moyo uliopumzika. Asubuhi kabla hujainuka, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono (gumba usilitumie, lina mpigo wake) uhesabu dakika nzima. Tuseme ni 61. Toa kwenye 201, inabaki 140. Asilimia 60 yake ni 84; rudishia 61, upate 145. Hiyo ni ya siku za kawaida. Siku ya kujikaza, asilimia 80 itakupa 173. Ukiacha kukimbia, hesabu upesi mapigo ya sekunde 15 uzidishe kwa nne, maana moyo hushuka haraka.

Lakini jua la huko kwenu Kapedo halikuulizi umri. Kwenye joto moyo hupeleka damu miguuni na kwenye ngozi pia ili upoe, basi mwendo wa 145 alfajiri waweza kuwa 170 saa sita. Hapo punguza mwendo, tembea ikibidi. Kwenda polepole si kushindwa: Paul Ereng, Mturkana mwenzetu, alikaa nyuma mzunguko wa kwanza kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, na dhahabu ya mita 800 akaichukua.

Kimbia mapema, ila kwa usalama wako barabara ya Chemolingot uiache. Zunguka uwanja wa shule, tena na wenzako. Kifua kikiuma au ukiona kizunguzungu, simama uende zahanati. Hilo usinifiche.

Niandikie mapigo yako ya asubuhi ya wiki nzima, nami nitakupigia hesabu upya.

Shangazi yako