Mali ya Nani? Tafakuri juu ya Kanga, Fulana na Utunzi wa Umma

Wanafunzi wa fasihi simulizi tunafunzwa mapema kuwa hadhira si kapu la kutilia ngano. Hadhira huitikia, huuliza, humkosoa fanani, na pengine humpokonya hadithi na kuimalizia yenyewe. Ndiposa methali na nyimbo zetu nyingi hazina mtunzi mmoja: zimepita vinywani mwa wengi, na kila kinywa kimeziachia alama yake. Ajabu ni kwamba jambo hili, ambalo kwetu ni alifu kwa ujiti, ulimwengu wa biashara umelipokea katika karne hii kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Mnamo mwaka wa 2006, mwandishi Jeff Howe wa Marekani alilibunia jina katika jarida la Wired. Katika makala haya nitaliita utunzi wa umma, yaani desturi ya kampuni kuwaachia watu wa kawaida wabuni bidhaa ambayo baadaye wao wenyewe watainunua.

Mfano maarufu ni kampuni ya Threadless, iliyoanzishwa mjini Chicago mwaka wa 2000 na vijana wawili, Jake Nickell na Jacob DeHart. Badala ya kuajiri wachoraji wa kuzipamba fulana zake, ilimwalika yeyote aliyependa kuleta mchoro, ikawaachia wanachama wapige kura, kisha ikachapa michoro iliyopendwa. Kampuni ikapata wabunifu wengi pasi na mishahara, na ikawajua wanunuzi kabla fulana haijachapwa. Kampuni ya LEGO ya Denmark, inayotengeneza vitofali vya kuchezea, nayo ilianza jaribio la aina hii nchini Japani mwaka wa 2008. Mwenye wazo hutakiwa kupata waungaji mkono 10,000 kabla wataalamu hawajalipima. Wazo likiteuliwa na kuuzwa, mbunifu hupata asilimia 1 ya mauzo halisi. Kwa njia hiyo ilitoka, mwaka wa 2017, seti ya wanawake wa NASA iliyopendekezwa na Maia Weinstock.

Hapa kwetu, mteja amewahi kubuni pasipo hata kualikwa. Huduma ya M-Pesa ilipoanza kufanyiwa majaribio mwaka wa 2005, ilikusudiwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Washiriki wakaigeuza njia ya kutumiana pesa wao kwa wao. Na Safaricom ilipoizindua Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikokuwa kiini cha huduma. Naam, hadhira ilikuwa imekwisha kuihariri kazi kabla haijachapishwa.

Hata hivyo, mfano unaonigusa zaidi ni wa kale kuliko hiyo yote, nao ni kanga. Msomaji anazijua sehemu zake: pindo, mji na jina. Jina ndilo kauli yenyewe, na kanga yenye maua ya kuvutia lakini jina lisilo ladha yaweza kudoda dukani. Wafanyabiashara wa pwani walilifahamu hilo zamani, wakayatafuta majina palepale yanapozaliwa: katika methali, mafumbo, nyimbo za taarabu na ndimi za wateja wenyewe. Duka mashuhuri la Kaderdina Hajee Essak lilianzishwa Mombasa mwaka wa 1887, na kanga zake hutambulikana kwa maandishi madogo yasemayo "Mali ya Abdulla". Hiyo ni alama ya biashara, nami sina ugomvi nayo, kwani aliyegharimia kitambaa na uchapaji ana haki ya kutia alama yake. Ila mwanafunzi wa fasihi hawezi kuyasoma maneno hayo bila kujiuliza: kitambaa ni mali ya Abdulla, kauli je, ni mali ya nani?

Swali hilo lilipata uzito mpya nilipokuwa nikikusanya majina ya kanga kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Jedwali langu lilikuwa na safu ya mtunzi, na takriban safu nzima nilikuwa nimeijaza neno "hajulikani". Katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, bi mkubwa mmoja alinitolea sandukuni kanga iliyopauka. Akaniambia kuwa jina lake alilitunga yeye, angali msichana, kumjibu jirani aliyemwonea kijicho. Mwenye duka mmoja aliyasikia maneno hayo, yakampendeza, akayachapa, na kumpa bi mkubwa doti moja.

"Nilifurahi, mwanangu," alisema. "Mji mzima ulivaa maneno yangu. Lakini nikiwaambia wajukuu kuwa ni yangu, wanacheka."

Pesa hakuzitaja. Kilichomuuma ni kutosadikiwa. Katika fasihi simulizi, mtunzi hupotewa na jina lake, lakini alichokitoa hubaki mikononi mwa wote: methali haina bei, na mjukuu wa mtunzi huitumia sawa na mjukuu wa jirani. Katika biashara, umma hutoa pamoja, ilhali kinachozaliwa husajiliwa kwa jina la mmoja. Mtunzi hupotewa na jina na jamii isipate mali. Hii ndiyo mizani ninayoipendekeza: aliyetoa arudishiwe jina, au fungu, au umiliki wa pamoja. LEGO, ambayo humtaja mbunifu katika kijitabu cha seti na kumgawia mapato, haiwezi kupimwa sawa na mwenye duka yule.

Yamkini yupo atakayesema kuwa mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na kwamba bila mwenye duka maneno ya bi mkubwa yangalikufia uani. Ni kweli. Lakini hata aliyeshika mguu wa ng'ombe hakosi kupewa nyama.

Mwaka wa 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Hiyo ni hatua njema, ila sheria haitatufanyia kazi yetu sisi wasomi. Sisi pia huenda kwa umma na kinasa sauti, tukarudi na hazina, kisha shahada ikaandikwa jina la mmoja. Katika jedwali langu nimefuta neno "hajulikani" mbele ya kanga ile na kuandika, kwa idhini yake, jina la bi mkubwa, nikaongeza: "kwa kauli yake mwenyewe". Msimamizi wangu aliniuliza ushahidi uko wapi. Nilimjibu kuwa ninao ule ule tulioutegemea kwa kila ngano tuliyopata kuinukuu katika taaluma hii, yaani neno la msimulizi. Iwapo latosha kutupa shahada, halikosi kutosha kumpa yeye jina. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.